Pini kwenye Unyayo wa Kanyagio

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Hapana, nasema uongo. Themanini na tatu nilikuwa bado natumia pasi ya mkaa, na haya yalitokea tulipokwisha kupata ya umeme. Basi ni themanini na nne. Tuuache hapo.

Tulikuwa mafundi wanne na mpiga pasi mmoja, ndiye mimi, ndani ya chumba kirefu chenye dirisha moja, tukishona sare za shule. Hodari kuliko wote alikuwa mtu mfupi, mcheshi, tuliyemwita Kanyagio, kwa kuwa cherehani yake ya miguu haikunyamaza tangu asubuhi hadi jioni. Alikanyaga peku. Alisema kiatu humdanganya fundi, hakimwambii uzi unapoanza kukaza. Na kweli, suruali yake ungeigeuza nje ndani usione kasoro.

Ndipo miguu ikaanza kuwaka moto. Kwanza vidole, kama aliyekanyaga majivu yenye makaa; kisha nyayo nzima, kama sisimizi wanaotembea ndani ya ngozi. Mkewe alituambia hata shuka likimgusa tu anaruka. Tukacheka. Mkataji wetu, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akamwambia, "Kaka, hiyo ni miguu au jiko? Nibandikie chai basi."

Kanyagio naye akacheka, akachovya miguu kwenye ndoo, akarudi kazini. Alikuwa na kiu isiyokatika, na kila baada ya muda mfupi anatoka kwenda haja ndogo.

"Yanaingia, yanatoka," akasema fundi wa vifungo. "Wewe ni mtu au bomba?"

Hospitali hakwenda. Tajiri, mwenye karakana, alishatangaza kwamba cherehani ikikaa siku mbili bila mtu, anapewa mwingine, na wa kupewa walikuwa wamejaa mlangoni. Kanyagio alikuwa na watoto wanne na hakujua kazi nyingine yoyote. Miguu ile ndiyo iliyowalisha.

Kisha moto ukazimika. Aliingia asubuhi moja anacheza. "Jamani, nimepona! Hakuna moto, hakuna sisimizi. Nichomeni muone!"

Mkataji akachukua pini, akamdunga kisigino. Kanyagio hakupepesa hata jicho. Tukampigia makofi.

Baadaye tukaufanya mchezo, yeye hajui. Unajifanya umeangusha kifungo, unatambaa chini ya meza, unamdunga, unachomoa. Atakayemfanya aruke atanunuliwa chai na wenzake. Chai ile hakuinywa mtu. Mimi nilimdunga mara mbili. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mara ya pili alikuwa akinisimulia jinsi mwanawe wa mwisho alivyoanza kuhesabu, na hakukatiza hata neno.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilidhani pasi yangu imeunguza kitambaa. Mkewe alikuja, akauinua mguu wake mmoja kutoka kwenye kanyagio, akautazama, akapiga kelele. Tukampeleka hospitali, shemeji yetu huyo bega moja, mimi jingine.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka. Akachomoa kwenye unyayo nusu ya pini, imekwisha kuwa nyeusi.

"Baba, hukusikia kitu hiki?"

"Nilikuwa nimepona, mama."

"Hukupona. Hiki ni kisukari. Sukari ikizidi kwenye damu muda mrefu, inaharibu mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kichwani. Ikiharibika inapiga kelele: moto, miiba, sisimizi. Ikifa, inanyamaza."

"Kwa hiyo ule moto..."

"Wakati wa ule moto mguu wako ulikuwa bado mzima. Ungekuja wakati ule tungeishusha sukari, ungevaa viatu, ungekagua nyayo kila siku. Huenda ungebaki nao."

Wakaukata chini ya goti.

Tajiri akangoja siku mbili, kama alivyosema, akampa cherehani binamu wa mkataji. Kanyagio alikuja na magongo, akaomba ajaribu kwa mguu mmoja. Tajiri akamjibu mbele yetu sote, "Hapa watu wanashona, bwana. Kurukaruka kwa mguu mmoja nenda kacheze na wanao."

Mkataji akacheka, kwa mazoea. Kanyagio naye akacheka, akageuza magongo, akagonga kizingiti wakati wa kutoka.

Jioni ile niliwauliza wenzangu watatu kuhusu ile nusu ya pini. Pini zote zilitoka kopo moja, zote za namna moja. Zangu mbili nilizichomoa nzima na kuzirudisha. Nakumbuka hivyo, au najiambia nakumbuka. Wakainamia cherehani zao, wakaanza kukanyaga, hata mkataji ambaye kushona hakukuwa kazi yake. Wote watatu wamekwisha kufa sasa. Ile iliyokatikia ndani ilikuwa ya nani?