Swali Ambalo Bi Ghania Alikataa Kulifuta

Bi Ghania wa Wawi alipostaafu ualimu, alikabidhiwa usimamizi wa kundi la WhatsApp la kuisafisha nafsi, lililoanzishwa na Shehe Ridha. Hakuwa na mchezo. Mwenye kutukana alimtoa, na mwenye kuleta siasa za uchaguzi alimtoa pia, awe wa chama chochote.

Siku moja baada ya Alasiri, Masoud, seremala wa Gando, alituma ujumbe wa sauti. "Tunaambiwa tupigane na nafsi. Kama nafsi ndiyo mimi, anayepigana nayo ni nani?"

Kundi likachafuka. Wengine wakamwita mpotoshaji. Shehe Ridha akampigia simu Bi Ghania.

"Bi Ghania, lifute lile swali, na huyo mtu mtoe."

"Kamtukana nani, Shehe?"

"Anawatia watu shaka."

"Mimi hufuta matusi. Swali silifuti. Kama jawabu unalo, mpe."

Shehe akakata simu, na papo hapo akamvua usimamizi. Bi Ghania alikasirika. Angeweza kunyamaza, lakini alirikodi sauti yake akaituma kundini: "Masoud, mwanangu, mimi naona nafsi ni moja, ila ina upande unaotaka na upande unaojua. Pengine nimekosea. Nijibu."

Kabla hajajibiwa, Shehe akamtoa kundini. Bi Ghania akacheka peke yake, akatafuta namba ya Masoud, akampigia. Walibishana mpaka adhana ya Magharibi, na hawakukubaliana hata kidogo.