Moyo wa Kimo Chake

Pa, pa, pa, kisha kimya. Hizo zilikuwa kandambili za kaka yangu, akitoka kisimani kuja mlangoni kwetu Madungu. Kisima na nyumba ni hapo na hapo, lakini kila safari ilimlazimu asimame katikati avute pumzi. Mie jikoni nami nilibana yangu mpaka nizisikie kandambili tena.

Moyo wake ulikuwa umevimba na kulegea. Dokta wa moyo aliyekuja kutoka Dar alituambia, pale hospitali ya Chake Chake, hapa Pemba, kuwa dawa zimefika mwisho. Kilichobaki ni kupandikizwa moyo mwingine, huko India. Bibi yetu hakungoja amalize.

"Nipasueni mie, mwanangu. Nishakula chumvi ya kutosha."

"Bi Mkubwa, moyo hautolewi kwa aliye hai."

"Basi ningojeeni nife, si mbali!"

Kaka alicheka hadi akakohoa. "Bibi, huo wako mkali. Nitaanza kugombana na majirani."

Dokta naye akacheka, kisha akaeleza polepole. Moyo wa mzee huchoka mapema. Wa mtu wa kimo kidogo haumtoshi mwenye mwili mkubwa kama kaka. Damu lazima zipatane, na ukishatolewa una saa chache tu, ukichelewa njiani unaharibika. Tena anayepokea naye hupimwa. Mapafu ya kaka yalikuwa na presha kubwa. Moyo mpya, hata uwe mzima vipi, ungeshindwa kuyasukumia damu. Akampa dawa za kuishusha. Isiposhuka, hawatamweka kwenye foleni.

Kaka akawa anameza dawa, mie kichwani mwangu nishamwoza, nishawabeba watoto wake mgongoni.

Siku ya kupimwa tena, dokta alipitisha kifaa kifuani pake, macho kwenye kioo cha mashine. Nikasoma sura zote za Kurani nizijuazo nikazichanganya. Bibi alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Imeshuka," akasema dokta. "Aende Dar wakathibitishe, kisha India akangoje."

Alasiri ile shangazi aliwakusanya wanawake ukumbini kwetu kwa dua.

"Ya Rabbi, mletee moyo mzima, wa kijana mwenye nguvu!"

"Amin!"

Mdomo wangu ukakwama. Kijana mwenye nguvu, wa kimo cha kaka, damu yake na ya kaka zinapatana: huyo si yupo mahali sasa hivi anatembea? Ana mama huyo.

Shangazi akanigeukia. "Weye, mbona huitikii? Humtaki kaka yako?"

"Namtaka, shangazi."

"Basi itikia, mwali!"

Nikaitikia, maana ni kweli nilimtaka, kuliko kitu chochote.

Walipoanza kunywa chai niliingia jikoni nikarudisha mlango. Nikainua mikono nikamwombea kijana yule nisiyemjua: leo ale ashibe, na mama yake amwone akirudi nyumbani. Nikajipangusa uso.