Mafuta Kwenye Ngozi ya Mama

Nikikumbuka tangi lile bado nataka kumpigia mtu kelele, na nusu ya kelele hizo nastahili kupigiwa mimi mwenyewe.

Mama alikuwa na kidonda cha sukari kwenye mguu wa kushoto. Daktari alisema wazi: aingie chumba cha presha ndani ya wiki moja, la sivyo mguu ukatwe. Kituo chenye chumba hicho kilikuwa nje kidogo ya mji wa Machakos, na siku chache kabla ya zamu yake jamaa za wagonjwa tuliitwa kutembezwa. Mimi niliacha shule darasa la saba, nimepakia nguo viwandani Athi River, nimeuza maembe Masii, lakini chuma kama kile sikuwa nimekiona. Chumba chenyewe kilikuwa tangi lenye urefu wa lori, vidirisha vya mviringo, mlango mzito. Fundi, aliyewahi kuwa mzamiaji baharini, alitueleza kwamba mgonjwa huketi humo akivuta oksijeni huku hewa ikimbana kana kwamba yuko chini ya maji. Watafiti nao huwachunguza wazamiaji humo humo, kwa sababu mzamiaji akipanda juu haraka, damu yake hutoa povu kama soda iliyofunguliwa. Niliuliza maswali mpaka wenzangu wakaguna.

"Kwani wewe unataka kuinunua?" akasema mama mmoja ambaye mumewe naye alingoja zamu.

Mwishoni nilipewa fomu, kurasa tatu za Kiingereza kigumu. Niliona aibu kuuliza inasema nini. Nikatia sahihi.

Jumatatu mama alioga, akajipaka mafuta ya kopo toka usoni hadi miguuni, akang'aa. Kwetu huendi mbele ya watu na ngozi imepauka. Muuguzi akamgusa mkono kwa kidole kimoja, akakitazama kidole.

"Umejipaka mafuta, mama. Mafuta na oksijeni ni moto. Rudi Alhamisi."

"Sasa ningekuja na ngozi kavu kama mtu hana watoto?"

"Iko kwa fomu. Kijana yako alisaini."

Mama akanigeukia.

"Mlituonyesha kila skrubu!" nikafoka. "Mafuta hamkuyataja hata kidogo! Hapa Ukambani ni nani anakuja hospitali bila kujipaka?"

"Punguza sauti."

"Huu mguu utangoja Alhamisi? Si aoge!"

"Bafu ni ya wafanyakazi."

Nilivuka barabara, nikarudi na beseni na kipande cha sabuni. Nikajaza maji kwenye bomba la kumwagilia maua, chini ya madirisha ya ofisi yao. Yule mama aliyeniuliza kama nataka kununua tangi, naye akiwa amemleta mumewe siku hiyo, akavua leso yake, akaishika wima kama pazia, nami nikageuza uso nikiushika mguu wa mama wenye bandeji juu ya kiti usilowe.

"Pole, mwaitu," nikamwambia mama kwa Kikamba.

"Nyamaza, maji ni baridi."

Muuguzi alimgusa mara tatu. Mara mbili za kwanza alimrudisha bombani. Ya tatu akampa gauni la pamba, mama akaingia tangini, mlango ukafungwa. Kupitia kidirisha nilimwona mama, ngozi nyeupe kama majivu, akivuta mikono ya gauni afiche viwiko.

Mama wa leso akamtazama mumewe kwenye benchi. Uso wa mume huyo uling'aa kwa mafuta kama sufuria mpya.

"Aiya! Wewe, simama," akamwambia, na kuninyang'anya sabuni.