Tulidhani mzee wetu wa posho mill anapoteza akili, kumbe maswali hayakuwa yanamfikia

Wakuu, salamu kutoka Kiboko. Jua ni kali lakini tuko.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu. Leo wacha niseme yangu. Sina haja ya kuongeza chumvi, nitaeleza tu vile ilitokea kwetu.

Baba yangu ana posho mill kule Migwani. Amesagia watu mahindi tangu kabla nizaliwe. Mimi nauza nyanya na vitunguu huku Mombasa Road, nyumbani naenda kukiwa na jambo. Anayekaa karibu na wazee ni dada yangu Mwende, ameolewa Kwa Vonza.

Ilianza polepole. Unapiga simu, unamuuliza kama mvua imenyesha, anakujibu, "Eeh, eeh, Mungu ni mwema," halafu anakata.

Mteja anamwambia asage nusu gunia, anasaga gunia lote.

Kanisani akaacha kwenda. Akawa mtu wa kukaa nyuma ya jikoni peke yake.

Halafu kukatokea ile ilituvunja. Wazee wa kanisa walikuja kumwambia rafiki yake wa utotoni amefariki. Mzee akatabasamu, akawashika mikono, akasema, "Asanteni sana, mumsalimie."

Wakuu, hiyo aibu sijui niiweke wapi.

Ndugu yetu mkubwa, Kyalo, alitoka Nairobi akaitisha kikao cha familia. Kyalo si mtu mbaya, nataka hiyo ieleweke. Alikuwa anaogopa ile belt ya mashine. Alisema, "Siku moja itamkata mkono. Akili imeanza kuenda. Tufunge mill, ama tumpe mtu mwingine."

Na mzee ako hapo hapo kwa kiti, anaangalia huyu, anaangalia yule. Tunaongea juu yake kama mtu hayuko.

Mama akasema tu, "Lakini mimi ananisikia."

Kyalo akaendelea na mambo ya belt. Na mwaitu, yaani mama yetu, kama hamumjui, ni mtu wa kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto na zikuje.

Mwende ndiye alikataa. "Kabla hatujamnyang'anya kazi yake, apimwe. Kama ni akili, daktari aseme, si sisi."

Basi mimi na yeye tukampeleka mzee hospitali Kitui town.

Tulipata daktari msichana mdogo, mpole, amevaa mask. Aliposikia sisi ni wa Migwani akaanza kuongea Kikamba. Akamwambia mzee, "Baba, nitakutajia vitu vitatu, uvirudie. Mbuzi, mlango, maji."

Mzee akasema, "Mbuzi." Halafu akatabasamu ile tabasamu yake ya siku hizi, akasema, "Na mvua imekataa kabisa."

Nikaangalia chini. Nilijua imeisha.

Akamuuliza tuko mji gani. Mzee akajibu, "Watoto ni wazima wote."

Sasa hapa ndipo namvulia huyo daktari kofia. Foleni ya watu huko nje ilikuwa imefika mlangoni. Angeandika sifuri, aite mwingine, na hakuna mtu angemlaumu.

Lakini aliweka kalamu chini, akamwangalia mzee. Akavua mask. Akavuta kiti chake mpaka mbele yake kabisa, uso kwa uso, upande wa dirisha palipo na mwangaza. Akarudia maneno yale yale bila haraka.

"Mbuzi, mlango, maji," mzee akasema.

Akamuuliza mji, akajibu sawa. Mwezi, sawa. Baadaye akamwambia arudie vile vitu vitatu, mzee akavitaja vyote, halafu akauliza, "Na hiyo mbuzi ni ya nani?"

Daktari alicheka mpaka akashika meza.

Kisha akasimama nyuma yake, akamwita jina kwa sauti ya kawaida. Mzee hakugeuka. Akamwita tena. Bado alikuwa anaangalia kile kiti, anangoja mtu arudi.

Mwende akafunika mdomo kwa leso.

Daktari akatuambia, "Kwa vile namwona leo, akili ya baba haina shida. Maswali ndiyo hayamfikii."

Tukapelekwa kwa chumba cha kupima masikio. Mzee akawekewa earphones, akapewa kitu cha kubonyeza kila akisikia mlio. Sisi tuko nje ya kioo. Yule wa kupima anatuonyesha kwa kichwa, sasa unalia, sasa tena. Na mzee ametulia, kidole tayari, anangoja kwa uaminifu kabisa. Alibonyeza tu ile milio mizito.

Tulielezwa kwamba mngurumo wa mashine umekula masikio yake mwaka baada ya mwaka. Sauti anasikia, lakini maneno yanafika yamevunjika. Hapo nikaelewa mbona sauti ya mama, ile ya kuita mbuzi, inapita.

Kwa corridor, Mwende akamwelezea karibu na sikio. Mzee akakaa kwa benchi, akauliza, "Kwa hivyo mimi si kama baba yangu?"

Babu alimaliza siku zake hajui watoto wake.

"Syana syakwa," akasema, watoto wangu, "mimi nilifikiri imenifikia. Ndio maana nilikuwa nasema eeh, eeh. Sikutaka mjue."

Wakuu, nililia mbele ya watu.

Alikuwa amebeba hiyo hofu peke yake, na kila asubuhi bado anaamka kufungua mill. Sijui watu wangapi wana huo moyo.

Mashine za masikio, zile za kumsaidia kusikia, zilichukua muda kupatikana. Siku ya kwanza alilalamika kuku wana kelele. Siku iliyofuata akavaa koti, akaenda kwa mjane wa rafiki yake, akampa pole upya, vizuri.

Halafu akampigia Kyalo simu mwenyewe. "Rudia yale ulisema kwa kikao." Kyalo akaomba msamaha. Mzee akamwambia, "Uliogopea mkono wangu, hiyo si vibaya. Lakini ungeniuliza mimi."

Wakakubaliana. Sasa kuna mtu wa kushughulika na belt, na mzee anahudumia wateja, amevaa vifuniko vya masikio mashine ikinguruma. Si ati kila kitu kimerudi. Kwa umati bado anapotelewa na maneno, kwa hivyo tumejifunza kumkalia mbele na kuongea mmoja mmoja.

Funzo langu ni hili. Ukitaka kujua mtu ako aje, kwanza hakikisha swali limemfika. Na mzazi wako akianza kujibu mambo yasiyoulizwa, usikimbilie kusema ni uzee. Mpeleke apimwe, na masikio yawe ndani ya hicho kipimo.

Kama umepitia haya na wako, tuambie hapa chini. Mimi nina swali pia: mnafanya aje ili mzee asivue hizo mashine? Wetu anazivua kila wakati mama anaanza kuita mbuzi.