Mtumbwi Uliovuja wa Mama

Juzi, huko Kumsenga, nilinusa lami ya moto kando ya mto, nikamkumbuka mama akiziba mtumbwi wake wa mbao. Kila masika ulivuja, kila masika akauziba upya. Alasiri moja, nikiwa mdogo, alishindilia pamba kwenye nyufa kwa nyundo huku akiugombeza, nami nikadhani anauadhibu.

"Mama, usiuumize!"

Akacheka. "Nautibu, mwanangu."

Kabla lami aliyopaka juu ya pamba haijakauka, akaletwa jirani yetu mwenye uchungu wa kuzaa. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Wanaume waliomleta waliutazama mtumbwi, wakasita. Mama akashika kasia, mimi nikachota maji kwa kopo. Yaliingia njia nzima, lakini tulifika, na mtoto akazaliwa salama.

Tuliporudi, nimelowa mpaka kiunoni, niliwapita wale wanaume polepole, waone vizuri mimi ni mtoto wa nani.