Fundi Aliyedharau Mshono Mdogo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi cherehani, na kwa maringo hana mpinzani. Dada pia anajua kushona, lakini kazi yake ilikuwa vifungo tu. "Wateja wanakuja kwangu," bwana mkubwa alikuwa akisema. Shida ni nyonga yake. Kila akiinuka ilikuwa inalia ko! mpaka mteja anageuka kuangalia kilichovunjika. Maumivu yalipomzidi, dada akamkokota hospitali.

Daktari akamweleza taratibu: pembeni ya nyonga kuna utepe mgumu unaoruka juu ya mfupa. Atatoboa matundu mawili madogo, apitishe kamera kwenye moja na kisu chembamba kwenye jingine, aulegeze. Kesho yake atembee kwa magongo, na mazoezi asiache.

"Matundu mawili?" shemeji akafoka walipotoka. "Hayo si ya kushonea kifungo? Kazi kubwa huonekana kwa mshono wake!"

Akapasuliwa, ko ikakoma. Ungedhani atashukuru. Thubutu! Aliona aibu wageni waje kumjulia hali wakute plasta mbili. Akachukua kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola, akajifunga kuanzia kiunoni hadi gotini, akalala chali, akigumia kila mlango ukibishwa. Mazoezi je? "Niache, mke wangu, nimepasuliwa mimi!"

Dada naye afanyeje, na wateja wako mlangoni? Akakaa kwenye cherehani, akashona. Akanyoosha hata suruali ambazo mumewe alizikunja pindo upande na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nilicheka, ila kwa hasira.

Alipochoka kuugua, akajivuta hadi kwenye kibanda chake cha kushonea. Wapi! Nyonga imekakamaa, mguu umegoma kukanyaga pedali. Akarudishwa hospitali. Daktari alipoufungua ule mzigo wa kola, alitikisa kichwa, akasema mazoezi yaanze upya, na safari hii yatauma.

Jana dada alikwenda kununua uzi, akamwacha kibandani peke yake. Akaingia mwalimu, mteja wa shemeji wa miaka yote, na kitambaa cha suti mkononi.

"Karibu, mwalimu, nikupime," shemeji akasema, akijikongoja kuinuka.

Mwalimu akakikumbatia kitambaa chake. "Usijisumbue, kaka. Namsubiri fundi."