Kaburi Nililoliandika Kuwa Choo

Mwandiko ni wangu, siwezi kumsingizia mtu. Kwenye fomu ya wapimaji wa reli, mstari wa nne, nimeandika kwa kalamu ya bluu, tena kwa zile herufi za kiofisi ninazojivunia: "Choo cha zamani." Pale palikuwa kaburi. Mama yangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokaa, ananitazama nikiandika, na hakusema neno.

Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, na kwa habari za reli nilikuwa mgonjwa kabisa. Treni ya umeme ilipoanza kufika kutoka Dar nilihubiri kama nimeijenga mwenyewe. Yalipoanza maneno ya kuipeleka mbele zaidi, njia ya mwendo kasi ya kutuunganisha na nchi jirani, wenzangu ofisini wakanikimbia. Unakunywa chai Dodoma, nawaambia, chakula cha mchana unakula ng'ambo ya mpaka. Muuza nafaka wangu pale Majengo aliniuliza kama na mtama wake utapanda. Nikamwambia utapanda. Akasema basi ije hata kesho, mradi isichelewe kama mimi ninavyochelewa kurudisha magunia yake.

Kisha nikasikia kwamba kati ya njia zinazofikiriwa, moja ingepita Mlali, nyumbani kwetu, na kukata kiwanja cha mama. Ilikuwa bado ni kufikiria tu. Watu walikuwa wanapima, wanaandika, wanaondoka. Lakini mimi nilifurahi, na naona aibu kulisema. Nikaomba likizo ya wiki mbili nikawe msemaji wa familia, maana mama kusoma hajui na Kiswahili cha makaratasi humchosha.

Mpimaji alikuwa baba mmoja mnene, mpole, mwenye kofia ngumu iliyomwacha na mstari kwenye paji la uso. Alimwamkia mama kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaikosea kidogo, mama akaitikia vizuri tu. Alirusha ile ndege yao ndogo isiyo na rubani, ikazunguka juu ya nyumba, kuku wakaingia uvunguni mwa ghala. Jioni ile ile akatuletea picha imechapwa, kubwa, akaitandaza mezani.

Makaburi matatu yalionekana wazi: la baba, la bibi mzaa baba, na la baba mdogo. Yote yana saruji. Nikayaandika. Mpimaji akasogeza kidole hadi nyuma ya jiko.

"Na hili?"

Ilikuwa kiangazi, kila kitu kwenye picha ni rangi ya vumbi. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha kijani, kimenyooka kingo zote nne, urefu wake haufiki mkono wa mtu mzima. Tukatoka kwenda kukitazama. Hapakuwa na kitu. Udongo mkavu, mweupe, umefagiliwa, wala jani moja. Mpimaji akairusha ndege tena palepale tukiwa tumesimama, akanionyesha kwenye kioo kidogo mkononi. Tulionekana sote watatu kwa juu, na miguuni pa mama palikuwa kijani.

"Mashine zina mambo yake," alisema, akacheka kicheko kifupi. "Mara nyingi ni kaburi au choo kilichofukiwa. Kipi tuandike? Kaburi, njia ikipita, ndugu wataitwa na litahamishwa kwa heshima. Choo kitafukiwa na tingatinga."

Mdomo wangu hauna breki. Kabla mama hajavuta pumzi nikasema ni choo, choo cha zamani, mimi nimezaliwa hapa, ningejua. Mpimaji akanipa fomu nijaze mwenyewe. Akasema orodha itabandikwa ofisi ya kijiji siku kumi, mwenye marekebisho ayapeleke, baada ya hapo inafungwa.

Kuanzia kesho yake mama alibadilika. Ikifika saa sita mchana, jua la kuunguza utosi, anachukua mkeka anautandika nyuma ya jiko, anakaa, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Nikimwita kula anasema nile. Mlenda ukapoa, ugali wa uwele ukakauka juu. Nikamgombeza, nikamwambia atapigwa na jua aanguke, nani atamnyanyua. Hakunijibu, na mama yangu si mtu wa kugombezwa asijibu.

Siku ya tatu nilikuwa nafua pembeni yake. Mchana ule ulikuwa kimya, hata njiwa hawakulia. Nikasikia mngurumo, kwa mbali, chini chini, ukaja ukaja, ukasimama. Maji kwenye beseni yakatetemeka.

"Limefika," mama akasema.

"Nini?"

"Gari lako. La reli."

Nikamwambia mama, reli iliyo karibu haifikishi hata honi hapa, na hiyo unayoiota haijachimbwa hata shimo. Akasema, "Linasimama hapa. Linangoja. Halafu linaondoka." Alisema hivyo kama mtu anayekuelekeza dukani.

Mimi ni mtu wa ofisi, bwana, napenda ushahidi. Nikalisogeza beseni hatua tatu hadi ukutani. Maji yakatulia kabisa. Nikalirudisha karibu na mkeka, yakaanza kutetemeka. Nikalisogeza tena, nikalirudisha tena. Mara ya tatu nikaliacha palepale, nguo zikiwa bado na sabuni. Niliogopa. Naandika hivyo hivyo: niliogopa mchana kweupe, nyuma ya jiko nilikolelewa.

"Mama, hapa kuna nini?"

"Si umesema choo? Si umeshaandika?"

"Mama, naomba uniambie."

"Nikikuambia utakufa," akasema, akaendelea kutazama mbele.

Tukaishi hivyo siku zilizobaki. Kila mchana mngurumo unakuja, unasimama. Nilikuwa nahesabu siku za orodha na yeye alikuwa anazihesabu, ingawa hakuna aliyemwambia mwenzake. Nilikonda. Nikaanza kulichukia hata neno reli, mimi niliyewachosha watu nalo.

Jioni ya siku ya tisa aliniita jikoni. Akanikalisha kwenye kigoda mlangoni, yeye akanipa mgongo, akachutama mbele ya mafiga. Moto ulikuwa umezimwa.

"Wewe siwezi kukuambia," alisema. "Mwiko. Naliambia jiko, nalo lilikuwapo."

Na kweli akaliambia jiko. Akalikumbusha kwamba walizaliwa wawili, wasichana. Wa kwanza alikuwa na nguvu, ananyonya kwa kelele, akapewa jina la bibi yake mzaa mama siku hiyo hiyo. Wa pili alikuwa mdogo, kapanya tu, hakupewa jina, wakasema tungoje kwanza tuone kama ana nia ya kukaa. Siku ya tisa akaondoka yule mwenye nguvu. Wanawake wakamzika wenyewe, jua halijatoka, nyuma ya jiko, bila kuinua udongo. Wanaume hawakuitwa. Mama hakuruhusiwa kutoa machozi, maana pacha akililiwa humvuta mwenzake.

"Jiko, unakumbuka," akasema. "Yule aliyebaki tukampa jina la aliyekwenda. Tulisema kilichomchukua kikirudi kitasikia jina, kitadhani kilishamaliza kazi, kitapita. Kikapita. Ana miaka arobaini na mitatu. Lakini akijua, na jina likitajwa mahali pa wafu, kitajua kilidanganywa."

Nilikaa kwenye kile kigoda nikilisikia jina langu kichwani na kwa mara ya kwanza nikaliona si langu. Nilimwonea uchungu mtoto aliyenyonya kwa kelele. Nikajionea hasira mimi na kalamu yangu ya bluu. Mama yangu aliambiwa achague, mbele ya mgeni mwenye fomu: aseme, nife mimi, au anyamaze, mwenzangu afukiwe kama kinyesi. Akachagua mimi, halafu akaenda kukaa juani na yule mwingine.

"Mama, kesho inafungwa. Asubuhi nakwenda kurekebisha."

"Watauliza jina."

"Watauliza."

"Usiliandike," akasema. Bado alikuwa amenipa mgongo.

Niseme hapa kwamba reli yenyewe, hadi leo, haijulikani kama itapita kwetu. Ile ni njia moja kati ya zilizopimwa. Huenda wataalamu wataona kupitia kwingine ni rahisi, huenda nchi jirani nazo zitakuwa na mawazo yao. Watoto wa wajukuu zetu wanaweza kuvuka mpaka kwa saa mbili wakisinzia, au vigingi vyenye ncha nyekundu walivyotuachia wapimaji vikaliwa na mchwa. Asubuhi ile yote hayo kwangu yalikuwa sawa. Mwenzangu alikuwa kwenye karatasi ya serikali, ameandikwa choo.

Ofisi ya kijiji iko jirani na mashine ya kusaga. Mtendaji alinipa fomu ya marekebisho, nikajaza mahali, nikajaza ukubwa, nikafika kwenye jina la marehemu, kalamu ikasimama. Nikamwomba aingize bila jina. Akasema kaburi bila jina hawezi, ndiyo maelekezo. Nikafikiri kubuni. Nani angejua? Ningeweza kuandika jina lolote, la shangazi wa mtu, mama angelala salama. Lakini nilishamwita choo. Kumpa na jina la mgeni juu yake, hapana, nilishindwa.

Niliandika jina langu. Kwenye uhusiano nikaandika: pacha.

Mtendaji akageuza karatasi, akatabasamu. "Dada, umekosea. Umejijaza wewe sehemu ya marehemu."

"Sijakosea."

Akanitazama, tabasamu likamwisha. Akasema kanuni inataka orodha isomwe kwa sauti mbele ya mwenye eneo. Nikageuka kumwambia mwenye eneo yuko nyumbani, nikamwona mama mlangoni. Alikuwa amenifuata kwa miguu, kandambili mkononi, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

Mtendaji akasoma. Baba. Bibi. Baba mdogo. Kisha akasoma jina langu, taratibu, na la ukoo. Nje mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa kubadilishwa mkanda, kukawa kimya. Mama hakumtazama mtendaji. Alinitazama mimi, macho hayapepesi, akiangalia kama kifua changu kinapanda, kama miguu yangu inasimama. Nami, Mungu wangu, nikawa najitazama vilevile. Nilisikia mngurumo unakuja kutoka mbali, chini ya sakafu, ukafika, ukasimama. Nikangoja. Muhuri ukagongwa.

Nikavuta pumzi. Nikavuta nyingine. Nikamwambia, "Mama, nipo."

Akakaa palepale kwenye sakafu ya ofisi, akaachia kandambili, akalia. Sijawahi kumsikia mama yangu akilia hivyo, wala siku ya baba. Kilikuwa kilio cha mzazi aliyefiwa na kichanga asubuhi ile ile, maziwa bado yanamuuma. Wanawake wakatoka mashineni mbio, nyuso zimejaa unga, wakaniuliza mimi niliyekuwa nimesimama, "Nani? Nani amefariki?"

Nikawatajia jina langu. Hawakuuliza zaidi. Wakajifunga kanga vizuri, wakakaa chini pamoja naye.